Kabla ya kuuliza "umechoma sindano?"

Kijana mwenye kisukari aina ya kwanza akija kliniki na sukari iliyopanda, huulizwa swali lilelile: "Umechoma sindano?" Ni sindano ya insulini, homoni inayoshusha sukari. Pengine amechoma, tena kwa wakati. Mtu akiwa na msongo wa mawazo, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, homoni zinazolifanya ini litoe sukari zaidi na kuipunguzia insulini nguvu. Balehe nayo, kwa homoni zake za ukuaji, huipunguzia insulini nguvu vilevile. Kumlaumu kwa kila namba ni kumwonea.

Mwenye kifafa anayekesha kwa wasiwasi wa mtihani anaweza kupata degedege kwa kukosa usingizi tu. Pumu huchochewa na hofu, na baadhi ya wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, hushikwa na maumivu wakielemewa na mawazo. Maumivu yakipoa, unabaki wasiwasi: yatarudi lini?

Ila ukimsikiliza kwa utulivu kijana mwenye ugonjwa wa kudumu kama haya, ugonjwa wenyewe si lazima uwe ndio unaomchosha zaidi. Kinachomchosha ni kujificha chooni akichoma sindano ili wenzake wasione. Ni kuulizwa habari za dawa mbele ya wageni. Ni kuambiwa "mbona huonekani mgonjwa" siku ambayo amejikokota kufika darasani.

Shirika la Afya Duniani linaeleza ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake. Tuzingatie hilo "mwenyewe". Dodoso la PedsQL, linalopima ubora wa maisha ya watoto kwa maswali 23 kuhusu mwili, hisia, uhusiano na wenzao na shule, lina fomu ya mtoto na fomu ya mzazi. Kwa watoto wenye magonjwa ya kudumu, mara nyingi mzazi huyaona maisha ya mwanawe kuwa mabaya kuliko anavyoyaona mtoto. Kwenye mambo ya mwili, yanayoonekana kwa macho, hukaribiana. Kwenye hisia hupishana sana. Ndiyo maana sehemu ya kila mahudhurio kijana aonwe peke yake, mzazi akisubiri nje. Najua wazazi wengine hawalipendi hili.

Nyumbani, unapozungumza naye, anza kwa kuuliza usingizi, marafiki na shule. Maswali ya dawa yaje baadaye. Mkabidhi majukumu ya matibabu kidogo kidogo, maana kumwachia yote siku moja kwa kuwa "sasa ni mkubwa" ni kumtupa.

Uchovu wa kuishi na ugonjwa si sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali. Lakini huzuni au kutopenda chochote kukidumu wiki mbili, siku karibu zote, aonwe na mtaalamu. Ukihisi anawaza kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na apate msaada siku hiyohiyo.

Akisema amechoka na dawa, msikilize bila kufoka, kisha mweleze kwamba insulini na dawa za kifafa hazipumzikwi hata siku moja. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuua. Kinachoweza kubadilishwa, kama ratiba au aina ya dawa, akajadiliane na daktari wake.