Je wajua kwa nini watu kwenye mabakuli ya kale ya Uajemi wana sura moja?

Ukipata picha ya bakuli la minai, yaani vyombo vya udongo vya Uajemi vyenye picha za rangi, ikuze uangalie nyuso tu. Duara kabisa kama sahani, macho mistari miwili myembamba imevutwa pembeni, nyusi nyembamba, mdomo mdogo kama kitone, nywele zinashuka mpaka mabegani. Sasa hamia kwa mtu wa pili, wa tatu, mfalme, mpiga udi, mpanda farasi, wote ni yuleyule! Hata mwanamke na mwanamume ni shida kuwatofautisha, mpaka uangalie walichovaa kichwani.

Vyombo hivi vilitengenezwa Kashan, Iran ya kati, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Na sio kwamba mafundi walikuwa hawajui kuchora, maana kazi yenyewe ilikuwa ngumu kweli, chombo kinachomwa kwanza kwenye tanuri kali, afu nyekundu na nyeusi zinapakwa juu ya ule mng'ao, yaani tabaka la kioo linalofunika udongo, na kinachomwa tena kwa moto mdogo kwa sababu rangi hizo zingeungua. Wenyewe waliita haft rang, yaani rangi saba.

Sababu ni kwamba fundi alikuwa hachori fulani bin fulani, alikuwa anachora uzuri. Washairi wa Kiajemi wa enzi hizo walimsifu mpenzi kwa kumwita mahru, mwenye uso wa mwezi, na sisi Waswahili hili halitupi shida maana mrembo kwetu anaitwa mwezi wa kumi na nne, na Waajemi nao wanasema hivyohivyo, usiku wa kumi na nne! Watawala kwa sehemu kubwa ya karne ya 12 walikuwa Waturuki wa Seljuk waliotokea Asia ya Kati, na kwenye mashairi neno "Mturuki" lenyewe lilishakuwa na maana ya mtu mzuri wa kupendwa. Kwa hiyo uso wa duara na macho membamba ndio ulikuwa uzuri wenyewe.

Mfalme utamjua kwa kiti na taji, na kwamba wengine wanamgeukia yeye. Ule mduara nyuma ya kichwa usikudanganye, sio alama ya utakatifu, hata mtumishi anawekewa, unasaidia uso uonekane vizuri kati ya mapambo mengi.

Sura za watu halisi zilikuja kushamiri kwenye vigae vya karne ya 19, mafundi walipoanza kunakili picha za kamera.

Mimi kinachonigusa ni bakuli moja la mwaka 1186 lililopo Metropolitan Museum, New York. Watu wamekaa kando ya bwawa, hakuna hata mmoja tunayemjua jina. Ila fundi aliandika lake, Abu Zayd, na mwaka akaweka.