Dawa za Kuondoa Usingizi wa Mchana: Tafuta Kwanza Kinachokusinzisha

Mtu anayelala muda wa saa 7 au 8 kila usiku, kisha akasinzia tena kwenye daladala, kwenye ibada, hata katikati ya mazungumzo, ana tatizo la kiafya linalostahili uchunguzi. Inauma kuona wengi wao wanaitwa wavivu kwa miaka, na wengine wanafukuzwa kazi kabla hawajapimwa.

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Kinaitwa Epworth, na kina hali 8 za kawaida: kusoma ukiwa umekaa, kutazama televisheni, kuwa abiria kwa muda wa saa nzima, kukaa kimya baada ya chakula cha mchana na nyinginezo. Kila hali unaipa alama 0 hadi 3, kulingana na uwezekano wa kusinzia. Jumla ikizidi 10, nenda kwa daktari.

Usianze na dawa ya kukuweka macho. Mkoromaji ambaye koo lake linaziba usingizini huamshwa na ubongo mara nyingi usiku ili apumue, bila yeye kujua. Tiba yake kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, na kupunguza uzito akiwa mnene. Mwingine anasinzishwa na vidonge vya mafua na mzio kama klofeniramini, na wengine na dawa za kifafa, pombe, upungufu wa damu, sonona au tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha. Aliyeumwa na mbung'o akawa na homa, kisha akaanza kulala mchana na kukesha usiku, apimwe malale haraka. Huyo akipewa kichangamshi tu, ugonjwa utaendelea kumla ubongo huku familia ikidhani amepata nafuu.

Dawa inayotumika sana ni modafinili. Ilianzia Ufaransa, na Marekani iliidhinisha mwaka 1998 kwa ajili ya nakolepsi, ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana ambao mara nyingi hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kemikali inayotuweka macho. Dozi ya kawaida ni miligramu 200 kwa siku, asubuhi. Wazee huanzia 100, na mwenye ini lililodhoofika sana hupewa nusu ya dozi.

Saa ya kumeza ndiyo inayowaangusha wengi. Nusu ya dawa hii huchukua takriban saa 15 kutoka mwilini. Ukimeza saa 1 asubuhi, nusu ingali ndani saa 4 usiku, na wengi bado wataweza kulala. Ukimeza saa 8 mchana, nusu hiyo utakuwa nayo hadi saa 11 alfajiri. Utakesha, kesho utaamka umechoka zaidi, na utashawishika kuongeza kidonge.

Akina mama wasikilize hapa. Modafinili hulichochea ini kuvunja homoni haraka, kwa hiyo vidonge vya majira, sindano na vipandikizi vinaweza kushindwa kuzuia mimba, wakati wa matibabu na hadi miezi 2 baada ya kuacha. Kitanzi cha shaba hakiathiriki. Tahadhari hii ni muhimu sana kwa sababu dawa hii haitakiwi wakati wa ujauzito: inahusishwa na kasoro za maumbile kwa mtoto.

Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni kawaida mwanzoni. Lakini vipele vikitokea, hasa vikiambatana na vidonda mdomoni au homa, acha dawa siku hiyo hiyo na uende hospitali. Mwenye presha isiyodhibitiwa au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hatumii dawa hii.

Zipo nyingine. Pitolisanti huongezwa polepole na inaweza kuchukua hadi wiki 8 kuonyesha nguvu zake, kwa hiyo usiikatie tamaa wiki ya pili. Solriamfetoli hupandisha presha na hutolewa na figo. Methilfenidati ni ya zamani, na mtu anaweza kuizoea vibaya.

Dereva wa lori la usiku anayetafuna miraa (mirungi) anatumia katinoni, kemikali ya jamii ya amfetamini. Inaficha usingizi, haiulipi. Ikiisha nguvu, deni lote linadaiwa kwa pamoja, na mara nyingi dereva bado yuko barabarani. Tanzania pia inahesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya. Kafeini ni salama zaidi kwa mtu mzima asiyezidisha miligramu 400 kwa siku, lakini nayo huziba tu njia ya adenosini, kemikali ya uchovu, bila kuiondoa. Macho yakianza kufumba, egesha gari mahali salama, kunywa kikombe cha kahawa, kisha lala dakika 15 hadi 20. Utaamka wakati kafeini inaanza kufanya kazi. Ukiona bado njia inakupotea, zima injini ulale.