Usilipe garanti kabla hujajua mvua inaifanya nini ile nyumba

Kila mwaka mwezi wa saba na wa nane simu yangu hailali. Wazazi wako Walungu, Kalehe, Uvira, Shabunda, wanatafutia watoto chumba karibu na shule juu masomo yanaanza Septemba, na wote wananiuliza: "Yaya, ni bei gani, na mtoto atatembea dakika ngapi?" Mimi ni komisioneri hapa Bukavu, kutafutia watu nyumba njo kazi inanilisha, na mbele ya hapo nilikuwa fundi wa kujenga, nimemwaga beto kwenye etaji mingi za mji huu. Kwa hiyo nasema kwa roho yote: bei na dakika ziulize, lakini anza na hili, ile nyumba mvua ikinyesha inakuwaje?

Shida ni kwamba tunatembelea nyumba kwa kiangazi. Juni mpaka Agosti kila kitu ni kikavu, ukuta umepakwa rangi mupya, ngazi zimefagiliwa, unapenda palepale. Halafu mvua inaanza Septemba na inakaa na sisi mpaka Mei. Na Bukavu ni vilima, chini kuko udongo mwekundu uliotoka kwenye mawe ya volkano yaliyooza, ukishiba maji unakuwa mzito na unatelemka. Funu, upande wa Kadutu, mtaa mzima umejengwa juu ya udongo unaotembea polepole. Mtu akikuonyesha jengo kwenye mteremko kama ule usiangalie chumba kwanza, zunguka nyuma.

Nyuma ya jengo karibu kila mara kuko ukuta wa mawe unaoshika kilima. Tafuta vitundu chini yake, vile vya kutolea maji. Kama hakuna hata kimoja, maji ya mvua yanabaki ndani ya kilima yanasukuma ukuta, wiki kwa wiki, na wewe umelala upande wa pili. Angalia pia kama ukuta umepinda tumbo katikati, na kama kuko mstari wa matope yaliyokauka kwenye kona za jengo, ule mstari unakuambia maji ya mwaka jana yalifika wapi. Rangi mupya mpaka magoti tu, juu ni ya zamani? Uliza wanaficha nini.

Hili nimelijifunza kwa uchungu. Mwaka mmoja niliwekea wanafunzi watatu wa kike chumba cha chini, jengo zuri, karibu sana na shule, mwenye nyumba mtu wa heshima, na mimi sikuzunguka nyuma juu kuko mlango wa chuma uliofungwa na sikuomba ufunguo. Novemba usiku ukuta ulianguka. Watoto walikuwa chumba cha jirani wanasoma, Mungu ni mkubwa, lakini asubuhi nilikuta matope juu ya vitanda, daftari zao ndani ya matope, na mmoja alikuwa anafuta kadi yake ya mwanafunzi na kitenge. Toka siku ile sionyeshi nyumba ambayo sijapata ufunguo wa nyuma.

Mipasuko nayo. Ile midogo ya lipu kama nywele isikutishe sana. Ile inayotoka kwenye kona ya dirisha na kupanda ao kushuka mshazari, ukiweka kidole unasikia upande mmoja umetoka kuliko mwingine, ile ni msingi umekaa vibaya, na mlango wa hapo mara nyingi haufungi vizuri, jaribu. Tusisahau huku kunatetemeka pia: tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga upande wetu wa ziwa Kivu, watu walikufa, nyumba zikapasuka. Jengo lililoongezwa etaji juu ya nguzo zilizopangwa kubeba moja tu, mimi nalikataa hata liwe mbele ya mlango wa shule.

Maji ya bomba ni rahisi kujua. Rudi jioni bila mwenye nyumba uhesabu bidoni kwenye ngazi, kama ziko zimepangwa mpaka etaji ya pili basi maji hayapandi, na mtoto wako atabeba kabla ya shule. Umeme, uliza kontere ni ngapi kwa vyumba ngapi na bili inagawanywa gisi gani, na omba kuona bili ya mwisho, juu deni la zamani linaweza kukuangukia. Ongea na mwanafunzi anayekaa pale, si na mimi, si na mwenye nyumba. Na ile njia ya shule itembee saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na begi mgongoni, dakika za kushuka si dakika za kupanda.

Kuhusu pesa, kuko sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015: nyumba ya kukaa, garanti, ile pesa unaachia mwenye nyumba mbele ya kuingia, haipite miezi mitatu ya kodi. Watu wanaomba sita, na wazazi wanalipa juu wanaogopa kukosa nafasi. Mama, sema miezi mitatu, sema kwa heshima, na taja sheria. Uliza pia kama anayepokea pesa njo mwenye parseli kweli, na kama mwenyewe alikufa, kama warithi wote wanakubali, juu nimeona wapangaji wakitolewa katikati ya mwaka kwa ugomvi wa ndugu. Kontra ziwe mbili zenye sahihi, moja unabaki nayo, garanti uandikiwe resi siku ileile, na kabla ya kuingiza godoro piga picha kila ukuta, hata ule wa nyuma.