Injini ya Zamani Si Lazima Iwe na Kutu: Dhana Potofu Ninazokutana Nazo Karakanani

Juma lililopita mzee mmoja mwenye heshima zake alisimama mbele ya meza yangu ya kazi, hatua chache kutoka Darajani hapa Unguja, akautazama kwa makini mfano mdogo wa injini ya ndege ya Pratt & Whitney Wasp nilioumaliza kwa kipimo cha 1:32, yaani mdogo mara 32 kuliko injini halisi, baada ya kuushughulikia kwa miezi minne. Akaniambia kwa upole: "Kazi nzuri, fundi, lakini mbona haina kutu? Si injini ya zamani hii?" Nilimjibu kwa adabu inayomstahiki, lakini swali lenyewe limenichosha. Nimeulizwa na wenye hoteli wanaotaka pambo la ukumbini, na walimu wa skuli, na vijana ninaowafundisha siku za Jumamosi, na hata mafundi wa mashine za boti, ambao kila siku mikono yao imo ndani ya metali na wangepaswa kulijua jibu kabla yangu. Ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Najua dhana hii inakotoka. Sisi ni watu wa kisiwani, na hewa yetu ina chumvi. Bati linaloezekwa karibu na ufukwe huanza kuliwa mapema, baiskeli iliyolala nje msimu mmoja wa masika hubadilika rangi, na nondo za dirisha huchuruza rangi nyekundu ukutani. Jicho la mtu aliyekulia hapa limezoea kuhesabu umri wa kitu kwa kutu, na kwa hesabu hiyo injini iliyobuniwa mwaka 1925 ilipaswa kuwa imeoza kabisa. Hesabu hiyo ni sahihi kwa bati na nondo. Kwa injini ya ndege ina makosa mawili: moja ni la metali, na jingine ni la wakati.

Nianze na metali. Kutu nyekundu ni ugonjwa wa chuma na chuma cha pua (feleji) peke yao. Aluminiamu haipati kutu hiyo hata ikitupwa baharini, kwa sababu hujifunika kwa utando mwembamba wa oksidi usioonekana, na chumvi ikiushinda utando huo hutokea vishimo vidogo na unga mweupe. Magnesiamu, ambayo ilitumika katika sehemu nyingi za injini za ndege ili kupunguza uzito, huharibika kwa haraka zaidi, lakini nayo hutoa unga wa kijivu na weupe. Shaba hugeuka hudhurungi nzito, kisha kijani. Sasa itazame Wasp: vichwa vya silinda zake tisa ni vya aluminiamu ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa, bweta la kranki (kasha la mhimili unaozungusha propela) ni la aluminiamu lililopakwa rangi ya kijivu, na mapipa ya silinda, ambayo kweli ni ya chuma cha pua, yalikuwa yakipakwa rangi nyeusi. Boliti nyingi za injini za aina hii zilipakwa metali iitwayo kadmiamu ili zisishike kutu. Mtu anayepaka rangi ya kutu kwenye kichwa cha silinda ya Wasp anamweleza mtazamaji jambo ambalo kemia hairuhusu litokee.

Kosa la pili, la wakati, ndilo linaloniudhi zaidi. Mfano mdogo wa injini huonyesha injini katika saa fulani ya maisha yake, na saa hiyo, isipokuwa umekusudia kuonyesha mabaki yaliyotupwa porini, ni saa ambayo injini ilikuwa ikifanya kazi. Mwaka 1930 injini ya Wasp haikuwa ya zamani; ilikuwa mali ya thamani kubwa, iliyofunguliwa na kukaguliwa kwa ratiba ya saa za kuruka, na ambayo uhai wa rubani na abiria uliitegemea. Fundi aliyeiachia ishike kutu hadi ionekane kwa mbali angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Uzamani tunaouona sisi upo katika kalenda yetu, haukuwamo ndani ya injini.

Mteja mmoja, ambaye sitamtaja, alichukua kwangu mfano wa injini hiyo hiyo akaupeleka kwa mtu mwingine "aumalizie". Mtu huyo alikwangua kutu halisi kutoka kwenye bati bovu, akaipondaponda na kuibandika kwa gundi juu ya mapezi ya kupozea, yaani zile pete nyembamba zinazoizunguka silinda. Ulipoletwa tena kwangu niutengeneze, nilipima chembe moja ya kutu ile nikakuta ina upana wa nusu milimita. Zidisha mara 32: juu ya injini halisi hiyo ni chembe ya milimita 16, sawa na kokoto iliyoganda kwenye silinda. Kutu ya kweli haijikunji kufuata kipimo cha mfano, na vivyo hivyo mchanga, majivu na unga wa kahawa ambao vijana huniletea wakidhani wamepata siri. Uchafu wa mfano mdogo hufanywa kwa rangi pekee, na rangi hiyo iwe imezimuliwa sana.

Injini iliyofanya kazi ilikuwa na uchafu wake, na ni mzuri kuutazama kwa mtu anayeujua. Mafuta huvuja kwenye maungio ya mirija ya pushirodi na kwenye vifuniko vya roka (vyuma vinavyofungua vali za silinda), kisha hushika vumbi na kuwa hudhurungi iliyokolea. Katika injini ambayo silinda zake zimepangwa mfano wa miale ya nyota, silinda za chini huwa chafu kuliko za juu, kwa kuwa injini ikizimwa mafuta huteremka na kujikusanya huko. Ndiyo sababu mafundi walizungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha, wasije wakapinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, kwa mafuta yaliyojaa ndani ya silinda. Kwa hiyo mimi huanza kuchafua kutoka silinda za chini na kupunguza ninavyopanda juu, nikitumia rangi ya mafuta ya hudhurungi iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi ikaribie maji. Mahali pamoja tu ndipo ninapokubali rangi inayofanana na kutu, napo ni kwenye mabomba ya ekzosi, ambako chuma hupata moto mkali na kugeuka kahawia, kijivu na wakati mwingine buluu. Hata hapo huweka tabaka jembamba, nikasubiri siku nzima kabla ya kuamua kama panahitaji jingine, na mara nyingi huona hapahitaji.

Wako wanaonijibu kwamba injini za mwanzo kabisa, kama Gnome ya Kifaransa, zilikuwa na silinda za chuma cha pua kitupu, kwa hiyo lazima zilishika kutu. Hoja hii naiheshimu kwa sababu imetoka kwa mtu aliyesoma. Ni kweli kwamba silinda za Gnome Omega, zenye nguvu za farasi 50 kwa injini nzima, zilichongwa pamoja na mapezi yake kutoka katika pande moja la chuma. Lakini injini hiyo ilitumia mafuta ya nyonyo, ambayo hayachanganyiki na petroli kwa wepesi, na mafuta hayo yalitoka na moshi wa ekzosi na kurushwa kila upande, yakaipaka injini, ndege na uso wa rubani. Chuma kilichoogeshwa nyonyo kila siku hakipati nafasi ya kushika kutu. Rangi sahihi ya Gnome ni ya chuma chenye utando wa manjano ya kahawia unaong'aa kidogo, nami huupata kwa vanishi iliyotiwa tone la rangi ya hudhurungi.

Kwa kuwa Gnome imetajwa, niliseme na hili: injini ya rotari na injini ya radiali si kitu kimoja. Kwa mbele zinafanana, kwani zote zina silinda zilizotawanyika kama miale. Katika radiali, kama Wasp, silinda zimetulia na kranki huzunguka pamoja na propela. Katika rotari, kama Gnome na Le Rhône, kranki imefungwa kwenye ndege isisogee, na injini nzima ndiyo inayozunguka pamoja na propela. Anayeunda mfano wa Le Rhône kisha akagandisha silinda zake kwenye fremu ya ndege amekosea tangu msingi, hata kama mirija yake ya shaba ya kupeleka hewa na petroli ameipaka vizuri namna gani.

Zipo na dhana nyingine ninazoambiwa, nami nazijibu moja moja. "Rangi ya fedha inatosha kila mahali." Haitoshi. Aluminiamu ya kusubu imefifia, chuma kilichosuguliwa kina wingu la buluu, na kadmiamu ina umanjano mdogo. Weka angalau aina tatu za rangi ya fedha mezani, na nafasi zilizo kati ya mapezi uzijaze kwa kijivu cheusi. Weusi mtupu huifanya injini ionekane kama imechorwa kwa wino.

"Parafujo ikikatwa inakuwa silinda." Uzi wa parafujo hupanda kwa mzunguko mmoja usiokatika, ilhali mapezi ya silinda ni pete zilizotengana. Kwa kipimo cha 1:72 jicho litasamehe. Kwa 1:32 halitasamehe, nami ninapendelea kupanga visahani vya plastiki, kikubwa na kidogo kwa zamu, ijapokuwa kazi hiyo inachosha vidole.

"Waya mnene unaonekana vizuri zaidi." Unaonekana vibaya zaidi. Waya wa plagi wenye unene wa milimita 8 katika injini halisi unapaswa kuwa robo milimita kwa 1:32. Wasp ina plagi mbili kwa kila silinda, yaani waya 18, na zikiwa nene zitaificha injini yote. Nyuzi za shaba kutoka kwenye koili ya mota ndogo iliyoungua zinafaa sana, na mafundi wa feni watakupa ukiomba.

"Gundi ya haraka hukauka vizuri kwetu kwa sababu ya joto." Gundi hiyo hugandishwa na unyevu wa hewa, si joto, na unyevu wa masika ukizidi hutoa ukungu mweupe unaoganda juu ya rangi iliyokwisha kupakwa. Bandika kabla ya kupaka rangi, tumia ncha ya sindano, na wakati wa mvua fanya kazi mchana badala ya alfajiri, kwani alfajiri ndipo hewa inapobeba unyevu mwingi zaidi.

"Fundi, inawaka?" Haiwaki. Wasp halisi ina ujazo wa lita 22, na ukiupunguza kwa kipimo cha 1:32 kila upande, silinda zote tisa kwa pamoja hubakiwa na takriban theluthi mbili ya mililita moja. Kila silinda ingejaa kwa tone moja na nusu la maji. Injini ndogo zinazowaka zipo, lakini huundwa kwa vipimo vikubwa zaidi na kwa mashine za kuchonga metali, na hiyo ni kazi nyingine.

"Hii umeiweka juu chini." Maneno haya huambiwa kila mfano wangu wa de Havilland Gipsy Six, injini ya ndege za Dragon Rapide ambazo East African Airways ilianza nazo safari zake mwaka 1946. Silinda zake sita zimepangwa mstari mmoja na zinatazama chini, kranki ikiwa juu, ili injini iwe nyembamba kwa mbele na propela iwe mbali na ardhi. Tafadhali ukiiona mezani kwangu usiigeuze kuirekebisha. Kishikio kimechongwa kwa hali hiyo hiyo, na mwezi uliopita mgeni aliyeigeuza kwa nia njema alivunja mirija miwili ya ekzosi iliyonichukua siku tatu kuipinda.