Hifadhi za Ulaya hazijiendeshi zenyewe

Sehemu ya kazi yangu huku Ujerumani ni kuwapokea wageni wanaokuja kujifunza uhifadhi kutoka Afrika Mashariki: maafisa wanyamapori, wanafunzi wa vyuo, siku nyingine mheshimiwa fulani na msafara wake. Karibu kila kundi lina mtu ambaye, hata basi halijapoa injini, atashusha pumzi na kusema: "Wenzetu wamefaulu bwana. Wamepiga mstari kwenye ramani, wakawatoa watu, sasa asili inajiendesha yenyewe." Wenzake wanaitikia kwa vichwa. Nimelijibu hilo kwa upole mpaka upole umeniishia. Safari hii naliandika, ili anayekuja alisome ndani ya ndege na tukikutana tuzungumze mengine.

Dhana: Ukishalihifadhi eneo, liache tu. Litajiponya.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ina robo ya ukweli, na robo hiyo ndiyo inayowapoteza watu.

Chukueni kipepeo mkubwa wa bluu, Maculinea arion. Nchini Uingereza alikuwa akipungua miaka nenda miaka rudi, na lawama zikawaangukia wakusanyaji wa vipepeo. Maeneo yake yakalindwa, mengine yakazungushiwa uzio. Kipepeo akazidi kupungua, na mwaka 1979 akatangazwa kuwa ametoweka nchini humo.

Aliyelifumbua fumbo ni mwanaikolojia Jeremy Thomas, aliyewafuatilia vipepeo wa mwisho miaka ya 1970. Kiwavi wa kipepeo huyu huanza maisha kwenye maua ya zaatari mwitu, kisha hudondoka chini na kujifanya buu wa sisimizi. Sisimizi wa aina ya Myrmica sabuleti humbeba hadi kwenye kiota chao, naye hukaa humo miezi kama kumi akiwala mabuu wa wenyeji wake. Sisimizi hao hutaka udongo wenye joto, na jua haliufikii udongo nyasi zikizidi sentimita chache. Mifugo ilipoacha kulishwa pale, na sungura walipofagiliwa na ugonjwa wa miksomatosisi miaka ya 1950, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wale wakapisha aina nyingine isiyomfaa kiwavi. Mahali ambapo uzio uliwazuia wakusanyaji, uliwazuia pia ng'ombe. Kipepeo alipoanza kurudishwa mwaka 1983, kwa mbegu kutoka Sweden, waliotangulia kurudishwa malishoni walikuwa wanyama wa kula nyasi. Leo anaruka tena kusini-magharibi mwa Uingereza, na anaruka kwa sababu kuna mtu anayehesabu mifugo na kupima urefu wa majani.

Msidhani hicho ni kisa cha pekee. Sehemu kubwa ya kinacholindwa Ulaya ni mandhari iliyotengenezwa na watu na mifugo yao kwa karne nyingi. Kaskazini mwa Ujerumani kuna Lüneburger Heide, nyika ya vichaka vifupi vinavyochanua zambarau kila Agosti. Watalii hufika wakiamini wanaona asili isiyoguswa. Nyika ile ipo kwa sababu misitu ilikatwa, kondoo wakachungwa, na wakulima wakachuna tabaka la juu la ardhi kwenda kulitandika mazizini. Waondoe kondoo wa kienyeji wa nyika ile, waitwao Heidschnucke, leo, baada ya miongo michache utakuta misonobari na mibetula. Vivyo hivyo na majani yanayofyekwa kila mwaka kwenye miteremko ya Alps na Karpati. Hata korongo weupe mnaowaona Serengeti mwezi Desemba, wengi wao wameanguliwa mashariki na kati ya Ulaya, na huko hutafuta riziki kwenye malisho mafupi yenye unyevu. Nyasi zikifika kiunoni, korongo hamwoni chura.

Sababu ya mandhari hizi kuhitaji mifugo na fyekeo haina miujiza. Wanyama wakubwa wa mwituni wanaokula nyasi waliisha. Ng'ombe mwitu wa mwisho, yule mzazi wa ng'ombe wetu wa kufugwa, alikufa Poland mwaka 1627. Baisani wa Ulaya alimalizwa porini kufikia 1927, akarudishwa kutokana na wachache waliobaki vizimbani, na leo anaishi vipande vipande tu vya bara hili. Kondoo, ng'ombe na fyekeo wanashikilia nafasi iliyoachwa wazi.

Na kabla mtu hajanyoosha mkono: hapana, hiki si kibali cha kuingiza ng'ombe Serengeti. Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja, kazi ya kukata nyasi pale ina mwenyewe. Ninachokataa ni mtu kurudi Dodoma au Nairobi na ripoti inayosema kwamba Ulaya huhifadhi kwa kuondoa mifugo. Huku mchungaji analipwa aingie.

Sasa ile robo ya ukweli. Bayerischer Wald, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1970. Dhoruba ilipoangusha miti mwaka 1983, uongozi uliamua iachwe ilivyolala. Mbawakawa wa gome wakazaliana, na katika miaka ya 1990 misprusi ya juu mlimani, ndugu wa misonobari, ikafa kwa maelfu ya hekta. Wenyeji walikasirika vibaya sana, na haki yao, maana mlima wao uligeuka kijivu mbele ya macho yao. Leo pameota msitu mchanga, wenye mchanganyiko kuliko ule uliokufa. Hapo kuacha kulizaa matunda. Lakini tazameni masharti yake: eneo kubwa, mahali ambapo msitu ndio uoto wenyewe, na ukanda wa pembezoni ambako mbawakawa hudhibitiwa hadi leo wasivuke kwenda kwenye misitu ya watu. Kuacha kwenyewe ulikuwa uamuzi wa usimamizi, ukatetewa mbele ya wanasiasa mwaka baada ya mwaka.

Masharti hayo yakikosekana, mnapata Oostvaardersplassen. Uholanzi waliweka ng'ombe, farasi na paa wakubwa kwenye ardhi iliyopatikana kwa kukausha maji, eneo la hekta zipatazo 5,600, wakazungusha uzio na kuwaacha wajitafutie. Hakukuwa na mbwamwitu wa kuwapunguza wala njia ya kuhama majira ya baridi. Baridi ya 2017 kuamkia 2018 ilimaliza zaidi ya nusu yao, wengi wakipigwa risasi na wahifadhi kwa sababu njaa ilikuwa imewafikisha pabaya. Wananchi walikuwa wakirusha majani makavu juu ya uzio. Baada ya hapo serikali ya jimbo ikaamua idadi ya wanyama ipunguzwe na isimamiwe.

Kinachokuja mbele kinaifanya dhana hii iwe ya hatari zaidi. Kwanza, wachungaji wanazeeka. Kwenye milima ya Hispania, Italia, Ugiriki na Bulgaria vijana wamehamia mijini, malisho yanafunga kuwa vichaka, na vichaka vikikauka vinakuwa kuni. Agosti 2023 moto wa Evros, Ugiriki, uliteketeza zaidi ya hekta 80,000, ukapita ndani ya msitu wa Dadia wanamoishi tumbusi weusi. Ndio mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa katika Umoja wa Ulaya. Joto na upepo haviko mikononi mwa meneja wa hifadhi, ila wingi wa kuni, kwa kiasi fulani, uko.

Pili, naitrojeni. Amonia kutoka mazizi makubwa na moshi wa magari hupaa, hutua hifadhini na kufanya kazi ya mbolea ambayo hakuna aliyeiomba. Mimea iliyozoea udongo maskini inazidiwa na nyasi. Mwezi Mei 2019 mahakama ya juu ya masuala ya utawala nchini Uholanzi iliubatilisha mpango wa serikali wa kutoa vibali kwa matumaini kwamba naitrojeni itapungua baadaye. Miradi ya ujenzi ikasimama, na Oktoba matrekta ya wakulima yakaziba barabara kuelekea The Hague. Hayo yote kwa ajili ya gesi isiyojua uzio.

Tatu, hali ya hewa. Mpaka wa hifadhi umesimama, viumbe wanahama. Eneo limeandikishwa kisheria kwa ajili ya spishi fulani, na spishi hiyo ikipanda mlima kufuata ubaridi, meneja anabaki kulinda jina kwenye karatasi. Natura 2000, mtandao wa maeneo yanayolindwa ya Umoja wa Ulaya, una maeneo karibu 27,000, na mengi yake ni madogo, yamezungukwa na mashamba. Kiumbe anayetaka kuhama kutoka humo apite wapi?

Kwa hiyo wageni wangu nawapa zoezi moja, na wengine hunicheka. Shuka kwenye basi, weka darubini kando, inama. Pima urefu wa nyasi kwa kidole. Kisha uliza nani alizila, na nani anamlipa. Ukipata majibu hayo mawili umejifunza zaidi ya wanayofundishwa wengine kwa slaidi za siku nzima.

Dhana: Ndani ya hifadhi za Ulaya hakuna watu.

Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, ilianzishwa 1951 na ina wakazi karibu 40,000, wenye shule, baa na mashamba. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi. Zipo za aina nyingine: Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, ya tangu 1914, hairuhusu hata mbwa aliyefungwa kamba, wala kutoka nje ya njia. Wageni huiona hiyo moja, wakadhani ndiyo Ulaya nzima.

Dhana: Sheria ikiwa kali, hatari huishia mpakani.

Waulizeni Doñana, kusini mwa Hispania, hifadhi ya taifa tangu 1969 na kituo cha ndege wahamao wanaovuka kuja Afrika. Hakuna aliyeingia na shoka. Wakulima walichimba visima nje, vingine bila kibali, wakamwagilia stroberi zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya Ulaya majira ya baridi. Maji ya chini ya ardhi hayasomi mabango. Juni 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitia Hispania hatiani kwa kutoyalinda. Mwaka 2022 ziwa la Santa Olalla, kubwa kuliko yote ya kudumu ya Doñana, lilikauka; 2023 likakauka tena. Nikiambiwa nichague kati ya askari mia wa doria na mamlaka ya kufunga visima, nachagua visima.

Dhana: Wao pesa wanazo.

Zipo, ila tazameni zinakokwenda. LIFE, mfuko wa Umoja wa Ulaya wa mazingira na hali ya hewa, umetengewa euro bilioni 5.4 kwa miaka 2021 hadi 2027, na asili inagawana na mambo mengine. Sera ya kilimo kwa kipindi hicho hicho ina takribani bilioni 387. Mchungaji wa kule milimani hutegemea kipande cha hizo za pili, na kipande hicho hujadiliwa upya kila mzunguko wa bajeti. Hifadhi nyingi zina mpango mzuri na wafanyakazi wasiotosha kuutekeleza. Hapo tunafanana kuliko wageni wanavyotaka kuamini.

Dhana: Mbwamwitu amerudi, basi ushindi umepatikana.

Amerudi kweli. Ujerumani walizaliwa tena porini mwaka 2000, huko Saxony, na leo makundi yamepita 200. Anakula kondoo, wale wale wanaotunza nyika. Uzio wa umeme na mbwa wa kulinda hufanya kazi nzuri, lakini humwongezea saa za kazi mchungaji ambaye tayari anafikiria kuacha. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulimshusha daraja la ulinzi. Mimi naona siasa iliwahi kufika kabla ya uzio.

Dhana: Wakihifadhi asilimia 30 ya ardhi na bahari ifikapo 2030, kazi imekwisha.

Asilimia ni hesabu ya ramani. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Ulaya ya mwaka 2020 ilikuta asilimia 81 ya makazi ya viumbe yanayotakiwa kulindwa yako katika hali dhaifu au mbaya. Ndiyo maana ikaja Sheria ya Urejeshaji wa Asili ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Agosti 2024, inayozidai nchi mipango ya kukarabati kilichopo.

Dhana: Bahari iliyohifadhiwa haivuliwi.

Inavuliwa, mara nyingi kwa nyavu zinazokokotwa sakafuni, ndani kabisa ya mipaka, tena kihalali. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilizitaka nchi ziukomeshe uvuvi huo kwenye hifadhi za bahari ifikapo 2030. Ugiriki ilitangaza mwaka uliofuata kwamba itafanya hivyo.