Moto wa Mapema: Kwa Nini Maafisa Misitu Huchoma, na Wewe Uchome Vipi

Kila mwaka masika yakiisha, ofisi zetu za misitu hupokea lalamiko lilelile: "Mnatukataza kuchoma, mbona nyie mnachoma?" Ni swali la haki.

Shika shungi la nyasi za misitu ya miombo mwezi Juni: ncha zimekauka, lakini shina bado lina unyevu. Moto ukiwashwa jioni, ukielekezwa dhidi ya upepo, hutambaa polepole, huruka mabaka mabichi, na umande wa usiku huudhoofisha. Septemba na Oktoba mambo ni mengine. Kila kitu kimekauka, upepo una nguvu, miali inapanda hadi matawini, na miche ya mninga hufa kwa mchana mmoja. Huko Ndola, Zambia, majaribio yalianza miaka ya 1930: sehemu zilizochomwa kila mwaka kiangazi kikiwa kimekolea zilipoteza miti na kugeuka nyika, zilizochomwa mapema zilibaki na miti. Tunachoma mapema ili moto kichaa ukija ukose cha kula.

Haina maana kwamba kila mtu awashe kiberiti Juni. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma uoto nje ya eneo la makazi yako. Anzia ofisi ya kijiji au kwa afisa misitu. Taja eneo, ukubwa wake, siku, saa, na watu watakaolinda moto. Subiri kibali cha maandishi. Kuitikiwa na mwenyekiti mkipishana njiani si kibali. Wajulishe wote mnaopakana nao, kisha fyeka na kulima kinga-moto, yaani ukanda usio na nyasi, kuzunguka eneo lote. Usiondoke hadi visiki vyote vizimike, maana kisiki kikavu hufuka hadi kesho yake na kuwaka tena upepo ukirudi. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili, na anaweza kudaiwa fidia ya alichounguza. Kibali pia si kinga ya uzembe: moto ukivuka mpaka kwa sababu hukuulinda, utawajibika.

Na tuelewane: moto hauleti mvua. Wala moto kwenda mbali si dalili kwamba aliyeuwasha ataishi miaka mingi. Imani hii bado tunaisikia, na misitu inateketea kwa ajili yake. Wafugaji wana hoja ya kweli, kwani nyasi changa huchipua baada ya moto; waipeleke kwenye kamati ya maliasili ya kijiji ili maeneo yapangwe pamoja.

Kwa upande wetu, wananchi wana haki ya kujua siku ya kuchoma kabla hawajaona moshi. Mwenye mgonjwa wa pumu anahitaji muda wa kumhamisha. Mrina asali mwenye mizinga ndani ya msitu aonyeshe ilipo mapema, ili nyasi zifyekwe kuzunguka kila mti wenye mzinga.