Tshibumba Kanda-Matulu: mchoraji wa Lubumbashi enzi za Mobutu

Jina la Tshibumba, mchoraji wa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo (iliyoitwa Zaire enzi za Mobutu), likitajwa, wengi husema: huyo ndiye aliyethubutu kumchora Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, wakati kumtaja kulikuwa marufuku. Sivyo. Mobutu, mkuu wa jeshi aliyekuja kuwa rais, ambaye askari wake walimkamata Lumumba Desemba 1960, ndiye aliyemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Kutundika picha ya Lumumba ukutani halikuwa kosa. Hatari ilikuwa katika namna ya kusimulia. Tshibumba, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947, alimchora Lumumba akiwa maiti pamoja na Mpolo na Okito, wenzake waliouawa naye, na nyuma yao misalaba mitatu. Kwake Lumumba alikuwa Yesu wa Zaire. Sasa, kama huyu ni Yesu, Yuda ni nani? Mtazamaji alirudi nyumbani na swali hilo.

Dhana: wateja wake walikuwa Wazungu tu.

Ukweli: Wazungu walinunua, lakini sanaa hii iliishi kwa makarani na wafanyakazi wa migodi ya shaba. Ilichorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, ikatundikwa sebuleni, na watu wa Lubumbashi waliiita ukumbusho. Picha iliyopendwa sana ilikuwa ya enzi za Mbelgiji: mfungwa analazwa chini, anachapwa viboko, ofisa Mzungu anatazama. Aliyeshika kiboko ni askari Mwafrika. Nani angemshtaki mtu kwa kuchora ukatili wa mkoloni? Na nani, chini ya Mobutu, angeitazama asione ya leo?

Dhana: alikuwa mchora mapambo.

Ukweli: mwenyewe alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo 100 za historia ya nchi, akamweleza kila moja kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili chetu, cha migodini. Picha hizo sasa ziko Amsterdam.

Dhana: serikali ndiyo iliyomnyamazisha.

Ukweli: kinachojulikana ni kwamba soko lake lilikufa. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, mishahara ikakosa thamani, vita vikaingia mkoa wa Shaba (yaani Katanga) mwaka 1977 na tena 1978. Anayehangaikia unga hanunui picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba akatoweka. Wanaosema aliuawa hawajatoa ushahidi. Alikuwa na miaka 30 na ushei.